Viganja Vilivyopona

Mwanamke aliyesimama mlangoni mwa karakana asubuhi ile hakuwa na kochi wala kiti cha kutengeneza, na Fundi alimtambua mara tu alipovua miwani yake ya jua. Ile pua nyembamba, na yale macho yanayoinama pembeni kama yana usingizi, alikuwa akiyaona kila mara kwenye uso mwingine, uso wa mwanamume anayempenda kuliko kitu chochote duniani. Huyu ndiye aliyemzaa.

"Shikamoo, mama," alisema Fundi, akaiweka stepla chini.

"Marahaba." Mama yule akatazama huku na huko, fremu za mbao zilizovuliwa vitambaa, vipande vya sponji sakafuni, marobota ya vitambaa yamesimama ukutani kama watu kwenye foleni. "Wewe ndiye fundi mwenyewe? Nilidhani fundi ni mzee mmoja hivi."

"Mzee mmoja hivi ndiye mimi," sauti ilitoka chini ya kochi lililopinduliwa, miguu tu ndiyo ikionekana. Alikuwa Mjomba. "Nilikuwa fundi. Huyu mpwa wangu kanipindua, siku hizi mimi naokota misumari."

Wateja wote hucheka hapo. Mama huyu hakucheka.

"Nina maneno na binti," alisema. "Peke yetu."

Mjomba akatoka chini ya kochi, akajipangusa magoti, akamtazama Fundi kwa jicho la kuuliza. Fundi akamjibu kwa kope tu. Mjomba akaenda nje, lakini hakwenda mbali. Kikohozi chake kilisikika dirishani.

Mama alikaa kwenye ncha ya kiti, mkoba mapajani.

"Mwanangu ameniambia yote. Kwamba anakupenda, na kwamba unaumwa, na unaumwa nini. Sikuchukii, usije ukafikiri hivyo. Nimeuliza huku na kule, nimeambiwa una heshima zako na mikono yako ina kazi. Lakini mimi nilimuuguza mume wangu, mwanangu akiwa bado anaota meno. Nikamzika. Najua hiyo kazi ilivyo. Sitaki mtoto wangu aanze maisha kwa kuuguza, ayamalize kwa kuzika."

Fundi alihisi masikio yanamwaka. Si kwa hasira, ila kwa aibu ya mtu anayesemwa kama vile ameshatoka chumbani. Tangu utotoni alikuwa mtu wa maneno machache. Mbele ya wakubwa ulimi wake ulikuwa mzito kama umefungwa na uzi.

"Bado niko hai, mama," alisema taratibu.

"Na Mungu akuweke. Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwake. Mimi nikimwambia neno, anakuwa bubu. Wewe ukimwambia basi, atasikia. Mwachie kwa hiari yako, mwanangu. Nitakushukuru mpaka naingia kaburini."

Nje Mjomba alikohoa tena.

"Leo nakwenda kliniki," alisema Fundi. "Leo daktari anasoma picha, aniambie dawa zimefanya kazi au hazikufanya. Nikishajua, nitakujibu."

"Utanijibu mimi, au utamjibu yeye?"

"Wewe, mama. Kwa mdomo wangu."

Mama alimtazama kitambo, kama anayepima kitambaa kwa jicho, kisha akavaa miwani yake akaondoka.

*

Mjomba alisisitiza kumsindikiza. Kliniki haikuwa mbali, walikwenda kwa miguu wakipita kivulini mwa maduka, na njia nzima Mjomba alikuwa akimlaani yule mama kwa maneno ya heshima.

"Mwanamke mzuri sana. Mstaarabu. Mungu ampe maisha marefu, mbali na sisi."

Fundi alitabasamu bila kutaka. Aliinua viganja vyake akavitazama. Vilikuwa laini, vimepona, ngozi mpya imekaza kama kitambaa kilichovutwa vizuri juu ya sponji. Hilo tu ndilo lililomtia moyo siku hiyo.

Maana vidonge alivyopewa kliniki vilikuwa na kisirani chake. Daktari alimpangia dawa mbili za kupambana na uvimbe uliokuwa kwenye ziwa lake la kushoto: dripu ya mshipani, anayotundikiwa kliniki, na vidonge vya kumeza nyumbani siku zilezile za dripu. Alipoanza, viganja viliwaka moto, vikawa vyekundu, vikachubuka. Hakuweza kuvuta kitambaa wala kushika koleo. Alilia kwa siri nyuma ya marobota, si kwa maumivu bali kwa kuona kazi ya watu imelala.

Ndipo Mjomba alipomkumbusha jambo la kwanza alilomfundisha katika ufundi. Ukitandaza gundi, usirundike nyingine juu yake ikiwa mbichi. Acha ya kwanza ikauke, ishike, ndipo uweke ya pili. Ukiharakisha, zote mbili zinabanduka. Fundi aliona ni busara. Kama gundi ni hivyo, mwili wa mtu je? Basi akawa anatundikiwa dripu, anaacha mwili upumzike, dripu ikishaisha nguvu ndipo anameza vidonge. Vyote alivimeza, hakutupa hata kimoja. Alibadilisha siku tu. Viganja vikapona, kazi ikaendelea, na hakuona sababu ya kumsumbua mtu kwa kumweleza.

Walipoingia kwenye korido ya kliniki, macho yake yalikwenda moja kwa moja palepale yanapokwenda siku zote, kwenye kioo cha chumba cha kuchanganyia dawa.

Mapenzi yao yalizaliwa kwenye kioo hicho. Ndani, wachanganyaji huvaa magauni marefu, glavu mbili mbili, kofia, barakoa, na kinachobaki wazi ni macho tu. Siku ya kwanza Fundi alikuwa ameketi kwenye benchi akitetemeka, akainua uso, akakutana na macho yanayoinama pembeni. Macho hayo hayakumhurumia. Yalimtazama kama mtu mwingine yeyote, basi. Baadaye alimjua mwenye macho, mfamasia aliyeitwa Mpole na kliniki nzima kwa jinsi anavyozungumza polepole, kama kila neno analipima kabla ya kulimimina. Tangu hapo, kila mara dripu yake ilipochanganywa, Mpole aliinua macho mara moja tu kuelekea kwenye benchi, kisha akarudi kwenye kazi. Mara moja tu, lakini Fundi aliishi kwa hiyo mara moja mpaka safari nyingine.

Leo nyuma ya kioo alikuwepo mwanamama mwenye miwani minene.

"Sista," aliuliza Fundi, akijitia kama hajali, "leo Mpole hayupo?"

Sista alikuwa akipanga mirija kwenye sinia. "Yupo, yuko stoo. Lakini wewe hakuchanganyii tena. Aliomba mwenyewe aondolewe kwenye dawa zako."

"Aliomba mwenyewe?"

"Mwenyewe kabisa. Hakukwambia?"

Fundi alihisi kama mtu amemvutia benchi wakati anakaa. Kwa hiyo lile la asubuhi halikuwa la mama peke yake. Mama na mwana wamekaa, wamezungumza, wamekata shauri. Mama katumwa mbele, na mwana karudi nyuma kidogo kidogo, kwa upole wake uleule.

"Mjomba, nisubiri hapa."

"Unakwenda wapi? Utaitwa sasa hivi!"

Hakumjibu. Alishika njia ya stoo.

*

Mpole alikuwa kwenye ngazi fupi ya chuma akipanga maboksi kwenye rafu. Alipomwona, uso wake ulifunguka, ukajaa nuru. Fundi akaichukia ile nuru, kwa sababu aliipenda mno.

"Shuka," alisema.

"Kuna nini?"

"Shuka tuongee. Sipendi kuachwa na mtu aliye juu ya ngazi."

Mpole akashuka. "Nani anakuacha?"

"Umeomba uondolewe kwenye dawa zangu. Usikatae, Sista kaniambia. Na mama yako kaja karakana asubuhi hii, kaniomba nikuachie kwa hiari yangu. Mngeniambia siku moja basi, mnimalize mara moja. Kwa nini mnanikata vipande vipande?"

"Mama kaja karakana?" Mpole alishika rafu. "Sikujua. Naapa sikujua."

"Na dawa? Nalo hukulijua?"

"Hilo nililifanya mimi."

"Basi." Machozi yalimjaa Fundi, akayakataza. "Ahsante kwa ukweli."

Aligeuka. Mpole akawahi akasimama mlangoni, hakumgusa, akanyoosha tu mikono kama anayezuia kitu kisianguke.

"Nisikilize, kisha uende ukitaka. Hapa kwetu pana sharti moja. Hakuna anayemchanganyia dawa mtu wake. Mkono unatetemeka. Unaongeza kwa woga au unapunguza kwa huruma, na dawa hizi haziongezwi wala hazipunguzwi. Mwanzoni nilikuchanganyia vizuri tu, ulikuwa mgonjwa kama wengine. Halafu siku moja nimeshika bomba la sindano, nakuona kwenye benchi umejikunyata, nikashindwa kusoma mstari. Mwenzangu wa kuhakiki akanirudisha, nikaanza upya. Siku hiyohiyo nikaenda kwa mkuu wangu, nikamwambia, huyu simchanganyii tena, ni mtu wangu."

Fundi aliegemea rafu, Mpole akaendelea.

"Akaniuliza, mtu wako kivipi? Binamu, shemeji? Sharti linataka uhusiano ujulikane. Nikamwambia, ni mke wangu mtarajiwa."

"Umemwambia nani?"

"Mkuu wangu."

"Umemchumbia mkuu wako kabla ya mimi mwenyewe?"

Mpole aliona haya mpaka masikio yakamwiva. "Nilitaka nikwambie ukipata majibu mazuri. Nilikuwa natafuta siku."

Fundi alicheka. Kicheko kilimtoka pamoja na machozi, akajifuta kwa mgongo wa mkono. Na Mpole, ambaye siku zote humshika akiwa na glavu au hamshiki kabisa, akauchukua mkono ule kwa vidole vitupu, akaufungua, akakipapasa kiganja kwa kidole gumba.

Damu ilimsisimka Fundi kuanzia kiganjani mpaka shingoni. Alifumba macho. Kwa hiyo aliposikia sauti ya Mpole imebadilika, hakuelewa mara moja.

"Mbona kimepona?"

"Eh?"

"Kiganja." Akauchukua na mkono wa pili. "Na hiki. Siku hizi za dripu ndipo vinapopaswa kuwaka. Nilivihofia, nimekutafutia hata mafuta ya kupaka. Vimeponaje?"

Fundi alitaka kusema ni bahati. Lakini macho yale yalikuwa yamemganda, na hakujua kuyadanganya.

"Vidonge navimeza baadaye," alisema. "Dripu ikishapoa. Sijaacha hata kimoja. Nimetenganisha tu siku, ili mwili upumue. Kama gundi. Huwezi kuweka gundi juu ya gundi mbichi."

"Tangu lini?"

"Karibu tangu mwanzo."

Mpole aliiachia mikono yake polepole. Fundi hakuwahi kumwona akikasirika. Alivyokasirika, hakupaza sauti. Alizidi kuwa mpole, na hilo lilitisha zaidi.

"Hizi si gundi," alisema. "Mpenzi wangu, hizi si gundi."

"Basi nieleze! Kila mtu hapa ananipa amri. Niliambiwa nimeze siku zilezile, sikuambiwa kwa nini."

Mpole alivuta boksi, akamkalisha, akachuchumaa mbele yake.

"Kila seli ya mwili wako inajua kufa," alianza. "Ikizeeka au ikiharibika, inajimaliza yenyewe kimya kimya, inapisha nyingine. Ya saratani imeharibika lakini inakataa kufa. Imejiwekea walinzi ndani, wanaizuia isijimalize. Dripu kazi yake ni kuipiga. Inaipiga mpaka inafika ukingoni, inaiambia, sasa jimalize. Walinzi wanasema, hapana, kaa. Basi vidonge vinakwenda kuwafunga mikono walinzi. Umeelewa?"

"Mmoja anapiga, mmoja anafunga."

"Tena kwa wakati mmoja. Wewe dripu inapopiga, walinzi wako huru. Seli inapigwa, haifi, inajiuguza. Halafu ukimeza vidonge, walinzi wanafungwa, lakini mpigaji ameshaondoka. Hakuna wa kuimaliza. Vidonge vinakwisha, walinzi wanafunguliwa, na dripu inakuja tena kuwakuta wamesimama."

Fundi alikaza macho kwenye sakafu. Aliuona uvimbe wake umekaa raha mustarehe humo ndani, ukizichezea dawa zote mbili kwa zamu.

"Mjomba alisema..." Hapana. Mjomba alisema gundi. Aliyeamua ni yeye Fundi.

"Leo daktari anasoma picha," alisema Mpole. "Kama uvimbe haujapungua, ataamini dawa hizi mbili zimeshindwa kwako. Atazifuta, atatafuta nyingine, na pengine hizi ndizo zingekuponya. Mwambie kabla hajaamua."

"Mwambie wewe. Wewe unajua kuongea naye."

"Nimejitoa kwenye matibabu yako. Sina ruhusa kutia neno. Na hata ningekuwa nayo..." Alimtazama, na katika macho yale palikuwa na woga mtupu wa mwanamume anayeweza kupoteza. "Mdomo ni wako. Ukinyamaza, mimi nitavunja sharti, nitaingia, nitasema, na wanifukuze. Lakini nakuomba useme wewe."

Kutoka kwenye korido sauti ya Mjomba ililia, "Fundi! Unaitwa huku, mama yangu, au niingie mimi wanitundikie?"

*

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye nywele fupi na maneno mafupi. Picha ilikuwa mbele yake kwenye kioo cha kompyuta, doa la kijivu katikati ya weusi.

"Kaa. Na mzee, kaa." Alizungusha kalamu vidoleni. "Sipendi kuzunguka. Uvimbe haujapungua. Haukukua sana, lakini nilitegemea kwa sasa uwe umesinyaa. Wengi wa aina yako kwenye mchanganyiko huu husinyaa. Wewe inaonekana mwili wako haukuupokea. Kwa hiyo mpango huu tunauacha leo, tuone—"

"Pole sana," alinong'ona Mjomba.

Fundi alifungua mdomo. Uzi uleule wa utotoni ulikuwa umeufunga ulimi wake, na daktari alikuwa tayari ameshaanza kuandika. Aliiona kalamu inakwenda. Akaona mbali zaidi ya kalamu. Aliona karakana imefungwa, kitambaa cha mtu kimeachwa nusu kwenye fremu, na macho mawili yanayoinama pembeni yakitazama benchi tupu kupitia kioo.

"Daktari, usiandike."

Ilitoka kwa nguvu mno. Hata Sista aliyepita nje aligeuka.

"Sikuvimeza pamoja," alisema Fundi. "Vidonge. Nilivimeza dripu ikishaisha, kila mara. Viganja vilikuwa vinachubuka nashindwa kufanya kazi, nikatenganisha siku. Sikumwambia mtu. Nilidhani nafanya vizuri."

Kalamu ikasimama. Mjomba akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Ni mimi niliyemtajia habari za gundi," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nataka kumsaidia, daktari."

"Gundi?"

"Ni habari ndefu."

Daktari hakuuliza zaidi. Alimtazama Fundi kwa hasira, kisha hasira ikageuka kitu kingine, akakivuta kiti chake karibu na kioo, akaitazama picha upya kama anaiona leo kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo hazijashindwa," alisema hatimaye. "Hazijajaribiwa."

"Naomba zijaribiwe."

"Unajua unachokiomba? Safari hii zote mbili zitakupiga kwa pamoja. Kichefuchefu, uchovu, na viganja hivyo vitachubuka, nakwambia mapema. Naweza kupunguza kidogo kipimo cha vidonge, nikupe dawa ya kupaka, lakini siwezi kukupa njia isiyo na maumivu. Na siwezi kukuahidi kwamba uvimbe utakubali. Umeupa nafasi ya kutuzoea."

"Sikuombi uniahidi," alisema Fundi. Mwenyewe alishangaa, maana sauti haikutetemeka. "Naomba unipe zote mbili, siku zilezile, nami vidonge nitavimeza siku hizohizo. Nikishindwa kuvuta kitambaa, mjomba wangu atavuta."

"Nitavuta hata kwa meno," alisema Mjomba.

"Na viganja vikiwaka?" daktari aliuliza.

"Nakupigia wewe."

"Mimi. Si huyu mzee."

"Mimi nimejiuzulu udaktari tangu dakika ile," alisema Mjomba, na kwa mara ya kwanza daktari akatabasamu.

"Kwanza damu ipimwe. Ikiwa sawa, tunaanza leoleo."

*

Damu ilikuwa sawa. Nyuma ya kioo, yule mwanamama wa miwani alichanganya dripu bila haraka, mwenzake akihakiki kila hatua. Fundi aliwatazama kutoka kwenye benchi na hakuona uchungu tena. Aliona mikono miwili isiyotetemeka, na akashukuru.

Walimkalisha kwenye kiti cha kuegemea dirishani. Mjomba alikikagua kiti chote, akakibonyeza, akaguna. "Springi mbovu. Wagonjwa wanaumwa mgongo bure." Kisha, alipomwona Mpole amesimama mlangoni bila gauni wala barakoa, akasema amechoka kukaa ndani, anataka hewa, na akamwachia stuli.

Sista aliweka vidonge kwenye kiganja cha Fundi, akasimama pale pale. "Nimeambiwa nikuone ukimeza."

Fundi akameza. Akafungua mdomo akamwonyesha, kama mtoto. Sista akafungua dripu, tone la kwanza likaanguka kwenye mrija, la pili, na Fundi akayatazama mpaka yakafika mkononi kwake.

"Sasa wamekutana," alisema.

"Wamekutana," alijibu Mpole. Hakuwa na zaidi. Macho yake yalikuwa yamelowa na hakuyaficha.

"Nipigie mama yako."

"Sasa hivi?"

"Nilimwahidi. Piga, kisha nipe simu."

"Mama ni mgumu. Ngoja nikae naye kwanza, nimwandae."

"Mpole. Leo nimempigia kelele daktari. Kama siku ya mimi kuongea ipo, ndiyo hii."

Akapiga. Fundi akaipokea simu kwa mkono usio na sindano, akaibana sikioni. Ilipoitikiwa hakungoja.

"Shikamoo, mama. Ni mimi, Fundi."

"Marahaba. Wamesemaje?"

"Uvimbe haujapungua. Dawa nilizitumia vibaya, kosa ni langu. Leo tumeanza upya, na hapa nilipo ninatundikiwa. Inaweza kufanya kazi, inaweza isifanye. Sitakuficha."

Upande wa pili mtu alishusha pumzi.

"Kwa hiyo umeona mwenyewe, mwanangu. Ndilo nililokwambia."

"Nimeona, mama. Na nilikuahidi jibu. Jibu ni kwamba simwachii."

Mpole akaivuta stuli karibu na kiti chake.

"Akitaka kuondoka yeye, mlango uko wazi, sitamshika nguo. Lakini mimi simfukuzi kwa sababu ya ugonjwa. Ukija kututembelea nitakupokea. Ukikaa mwaka hujaja, nitakupigia kukusalimu vilevile. Nakuheshimu, lakini hilo la kumwachia siliwezi."

"Hukusikia nilivyokwambia? Nilikuja mpaka kwako, nikakaa, nikakuomba kwa mdomo wangu!"

"Nilisikia kila neno."

"Na daktari kakwambia haujapungua."

"Kaniambia."

"Na bado."

"Na bado, mama."

Tone liliendelea kufuata tone. Fundi alianza kuhisi ubaridi wa dawa ukipanda mkononi, na mkono wa Mpole, mtupu, ukajifunga juu ya wake.

"Wewe mtoto," ilisema sauti kwenye simu, ikiwa imechoka, na sasa haikuwa na ukali wote ule, "wewe mtoto ni mkaidi vibaya sana."

"Ndicho ninachokitegemea, mama," alisema Fundi.